Samaki wa nyuzi 85: kisa cha kuhama kutoka Mbed kwenda Zephyr

Ujumbe wa kwanza ulimfikia Ami saa sita na dakika moja usiku. Hakunipigia mpaka usiku wa tatu ulipopita, baada ya swala ya alfajiri. "Mwanangu," akasema, "hebu nambie, samaki wangu washaiva?"

Ami ana vyumba viwili vya baridi Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka Bandari ya Kale. Ndani hukaa nguru, kolekole na jodari kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kisanduku chetu kimetundikwa ukutani nje ya milango: kila nusu dakika kinasoma joto la vyumba vyote viwili na kuliandika kwenye kadi ya kumbukumbu, mlango ukiachwa wazi kinapiga kengele, na baridi ikipotea kinamwandikia mwenyewe kwenye simu. Kwa joto la kawaida kinasubiri vipimo vitatu mfululizo ndipo kitume ujumbe. Lakini kipimo kikivuka nyuzi 60 hakisubiri, maana hapo si friji tena, ni moto. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Usiku ule kiliandika: "CHUMBA 1: 85.0. CHUMBA 2: 85.0. HATARI YA MOTO." Ami akashuka na tochi, akafungua, akakuta samaki wagumu kama mawe. Akarudi kulala. Usiku wa pili ujumbe ule ule, dakika ile ile. Wa tatu vilevile, na hapo ndipo aliponipigia.

Kisanduku hicho kilikuwa kimefanya kazi miaka miwili bila lawama. Kitu kimoja tu kilibadilika: mwishoni mwa Desemba 2024 tulikitia programu mpya, iliyohamishwa kutoka Mbed OS kwenda Zephyr. Zote mbili ni mifumo endeshi ya vifaa vidogo kama hiki, ule msingi ambao programu yetu hukaa juu yake.

Kwa nini tulihama

Hatukuhama kwa kupenda mambo mapya. Julai 2024 Arm, wenye Mbed, walitangaza kwamba Mbed itafika mwisho Julai 2026. Programu haizimiki siku hiyo, lakini ukishauza kitu kinachokaa ukutani miaka kumi, hutaki msingi wake usiwe na mtu wa kuutengeneza. Kusema kweli kiini cha Mbed, yaani RTX, hakikufa. Bado kimo kwenye CMSIS, mkusanyo wa programu wa Arm, na mtu angeweza kubaki nacho akaandika mwenyewe draiva zake, yaani programu za kuendesha kadi, modemu na vihisio. Sisi ni watu wawili na mwanafunzi mmoja wa mazoezi ya kazi, kwenye chumba kimoja Mwembe Tayari. Draiva ndizo tulizokuwa tukizikimbia.

FreeRTOS tuliiangalia. Ni nyepesi, imekuwepo tangu 2003, na tangu 2017 iko chini ya Amazon. Lakini yenyewe ni kiini tu. Kadi, modemu na vihisio unajitafutia. ThreadX nayo imepita mikono mingi: Microsoft waliinunua pamoja na kampuni yake 2019, kisha 2023 wakaikabidhi Eclipse Foundation. Zephyr, iliyo chini ya Linux Foundation tangu 2016, ina leseni ya Apache 2.0 sawa na Mbed, inaijua bodi yetu ya Nucleo-F401RE tayari, na ina faili za FAT na mengine yote tuliyohitaji. Ikashinda.

Swali lililobaki lilikuwa jinsi ya kuhama, na hapo ndipo nilipokosea. Ukiandika upya kila kitu utakaa miezi. Mimi nikatengeneza tabaka jembamba katikati: faili moja yenye majina ya Mbed kwa nje na ya Zephyr kwa ndani. Programu inaita uzi, kufuli au foleni kwa jina lake la zamani, na tabaka linapeleka ombi kwa mwenyeji mpya. Zephyr ina tabaka lake rasmi la kazi hiyo kwa wanaotumia CMSIS-RTOS, yaani miito ya kiini iliyowekwa na Arm, toleo la pili. Nililiacha kwa sababu sehemu kubwa ya msimbo wetu ilikuwa kwenye madarasa ya C++ ya Mbed, nikaona langu litakuwa fupi zaidi. Lilikuwa fupi kweli. Mistari 300 na kitu.

(Kwa asiyezoea: mfumo endeshi wa wakati halisi hugawa kazi za kifaa katika nyuzi, na kila uzi hupewa kipaumbele. Wenye kipaumbele kikubwa ukitaka kichakato, wa chini yake husimama hapo hapo. Kiswahili kimetupa neno moja, nyuzi, kwa joto na kwa kazi hizi, na katika kisa hiki yote mawili yalituumiza.)

Tulichokiogopa na tusichokiogopa

Tulipoteza karibu siku nne tukiiogopa Ticker, kipima muda cha Mbed. Kwenye Mbed, kazi unayoipa Ticker hutekelezwa ndani ya katizo, yaani pale kichakato kinapoachishwa kazi yake ghafla ili kifanye nyingine, na ndani ya katizo huruhusiwi kulala, kushika kufuli wala kuandika kwenye kadi. Tulidhani Zephyr itakuwa na desturi nyingine. Kumbe k_timer, kipima muda chake, nayo inaita kazi yake ndani ya katizo, sheria zile zile. Ikahama bila kuguna. Kufuli vilevile: pande zote mbili uzi ule ule unaweza kuishika mara ya pili bila kujifungia nje.

Staki, nafasi ya kumbukumbu ya kila uzi, ilitusumbua asubuhi moja tu. Mbed humpa kila uzi baiti 4096 usiposema kitu. Zephyr inataka useme mwenyewe, na uzi mkuu usipouongezea huanza na 1024. Uzi wa kumbukumbu ulipofungua faili ya FAT ulifurika, lakini kinga ya kumbukumbu ya kichakato ilimkamata papo hapo na kutuandikia kwenye skrini ni uzi gani. Kosa la aina hiyo ni la kheri. Linapiga kelele likiwa bado mezani kwako.

Miguu ya bodi, ambayo Mbed unaitaja kwenye msimbo kwa neno moja, Zephyr huitaka kwenye faili ya maelezo ya vifaa. Inachosha, haina siri.

Kwa hiyo majuma saba baadaye tulikuwa na kisanduku mezani kinachosoma, kinachoandika na kinacholia. Kilipowashwa, kipimo cha kwanza kilitoka 85.0, halafu vilivyofuata vikawa sawa. Mwenzangu akauliza. Nikamjibu bila hata kugeuka: "Hiyo ni tabia ya kihisio cha DS18B20, kikiwaka huanza na 85." Na ni kweli, thamani iliyomo ndani ya kihisio hicho kinapopata umeme ni 85 kamili. Ila ukikiamuru kipime na ukakisubiri kimalize, huwezi kuiona. Mbed hatukuiona miaka miwili. Nililijua jibu, nikalitumia kufunga swali.

Kutafuta

Kwa Ami tulianza kwa kumlaumu yeye, kwa adabu. Joto la kaskazi, unyevu wa bahari, chumvi inayokula kila kitu chenye shaba: nilifungua kisanduku nikakuta viungo vya waya vimeota kutu ya kijani, nikafurahi kama aliyekwisha shinda. Tukavisugua, tukavibadilisha. Usiku, saa sita na dakika moja, ujumbe.

Mwenzangu akasema stima inayumba. Mimi nikasema vihisio ni vya bandia, maana sokoni vimejaa. Ami alitusikiliza wote wawili, kisha akatoa simu yake na kutuonyesha jumbe zilivyojipanga. "Stima ina saa?" akauliza.

Haikuwa na saa. Wala vihisio viwili vibovu havitoi 85.0 na 85.0 kwa pamoja, sawa mpaka nukta. Umeme wa vihisio hupitia transista moja inayoongozwa na bodi. Bodi ikiwaka upya huuzima na kuuwasha. Kwa hiyo kila usiku wa manane bodi ilikuwa ikianza upya. STM32, kichakato cha bodi yetu, huiweka sababu ya kuwaka upya kwenye rejista, kijisehemu cha kumbukumbu ndani yake, na Zephyr ina wito mmoja wa kuisoma. Tuliongeza mstari huo na asubuhi tukausoma kwenye kadi: mbwa.

Mbwa ni jina letu la karakana kwa saa ya ulinzi, ile inayohesabu kivyake na kuiwasha bodi upya programu isipoipapasa kwa muda uliowekwa. Kwetu ni sekunde 8, na anayeipapasa kila sekunde ni uzi wa kengele, kwa hoja kwamba huo ndio uzi usioruhusiwa kuchelewa kamwe. Basi nini kiliuchelewesha sekunde 8?

Saa sita usiku uzi wa kumbukumbu hufanya muhtasari: hufungua faili ya mwezi mzima, husoma mstari baada ya mstari, hugeuza herufi kuwa nambari, hutafuta kilele na wastani. Uvivu wetu huo, tungeweza kujumlisha polepole mchana kutwa. Mistari ni 2,880 kwa siku, kila mmoja kama baiti 40. Usiku wa tarehe 19 faili ilikuwa na mistari 54,720, zaidi ya megabaiti mbili. Siku za mwanzo wa mwezi kazi hiyo ilichukua chini ya nusu sekunde. Sasa ilichukua zaidi ya nane. Sawa, lakini uzi wa kumbukumbu ndio wa chini kabisa! Hata ukisoma saa nzima, wenzake wanapaswa kupita juu yake wakitaka. Mbed ndivyo walivyopita.

Tuliiga kadi ya Ami, tukaitia kwenye bodi ya mezani, tukarudisha saa yake nyuma hadi 23:59:50. Taa ndogo ya kijani tuliifunga kwenye uzi wa kengele, iwake na kuzimika kila sekunde. Tukakaa watatu tukiitazama. Ikapepesa mara kumi. Ikasimama, imewaka. Hakuna aliyesema kitu. Moja, mbili, tatu... ilipofika nane ikazimika, na bodi ikaandika salamu yake ya kuamka.

Mimi na mwenzangu tukaanza kubishana juu ya draiva ya kadi, kwamba labda inashika kichakato bila kukiachia. Mwanafunzi wetu alikuwa na faili yangu ya tabaka upande mmoja wa skrini na ukurasa wa Zephyr upande wa pili. "Kaka," akaniita, "huku si kama darasani, namba moja ndiye wa mbele?"

Nilitazama mstari aliounyooshea kidole. Mbed huvipa vipaumbele nambari: cha chini ni 8, cha kawaida 24, cha juu 40. Kubwa ndiye mkubwa. Zephyr, usipoibadilisha, ina ngazi 15 za nyuzi za kawaida, kutoka 0 hadi 14. Nikagawa kwa nne: kengele 40 ikawa 10, modemu 24 ikawa 6, kumbukumbu 8 ikawa 2. Hesabu safi, zote ndani ya mipaka, kompaila ikaridhika. Lakini Zephyr mdogo ndiye mkubwa. Sifuri humpita moja, na zilizo chini ya sifuri ni za nyuzi zisizonyang'anywa kichakato na uzi wa kawaida. Nilikuwa nimeugeuza ukoo mzima. Mjukuu amekalia kiti, babu anasubiri mlangoni.

Na hili si jambo la kusema Zephyr ni ya ajabu. ThreadX nayo huhesabu hivyo, sifuri juu. FreeRTOS huhesabu kama RTX, kubwa juu. Kila nyumba ina desturi yake, na nambari yenyewe haibebi alama yoyote ya ilikotoka.

Ndipo nikakumbuka neno la kijana wa Ami anayepokea samaki usiku. Tangu wiki ya pili ya Januari alikuwa akisema kengele ya mlango "yachelewa kulia" baadhi ya usiku. Tulimwambia labda hakusikia.

Kosa la pili

Tungeweza kuishia hapo. Tukigeuza vipaumbele mbwa asingeuma tena, bodi isingewaka upya, 85 isingeonekana, na Ami angelala. Mwenzangu alishaanza kupakia vifaa. Kilichonizuia ni kwamba mnyororo ulikuwa na pete moja isiyoeleweka: bodi ikiwaka upya, sawa, kihisio kimepata umeme upya, sawa, lakini programu si humwamuru apime kisha inasubiri milisekunde 750, muda unaohitajika kwa kipimo cha biti 12? Mbona imesoma mapema?

Draiva ya kihisio hatukuchukua ya Zephyr. Tulibeba ile yetu ya zamani kwa sababu "inafanya kazi". Ndani yake imeandikwa osDelay(750). Wito huo wa kusubiri huhesabu tiki, yaani mapigo ya saa ya mfumo, si milisekunde. Kwenye Mbed tiki moja ni milisekunde moja, kwa hiyo kwa miaka miwili hakuna aliyehitaji kujua tofauti. Mimi kwenye tabaka, kwa uaminifu mkubwa, nikaandika tiki kwa tiki. Zephyr kwenye bodi yetu huhesabu tiki 10,000 kwa sekunde. Milisekunde 750 zikawa 75.

Sasa jambo baya zaidi. Ukikisoma kihisio hiki kabla hakijamaliza, hakikupi kosa. Kinakupa kipimo cha mara iliyopita. Kwa hiyo tangu Desemba kila nambari tuliyoandika ilikuwa imechelewa nusu dakika, na ilionekana nzuri kabisa, maana chumba cha baridi hakibadiliki kwa nusu dakika. Ni kipimo cha kwanza tu, ambacho hakina kilichotangulia, ndicho kilichosema ukweli kwa kusema 85.

Tulihakikisha kwa njia ya kienyeji. Kihisio kwenye glasi ya maji ya barafu, dakika tano, skrini inasoma karibu sifuri. Muuza kahawa alikuwa akipita chini. Tukanunua kikombe cha kahawa chungu, tukakihamishia humo kihisio, tukasubiri muda wa kukipasha joto. Kipimo kilichofuata: karibu sifuri. Kilichofuata tena kikaruka juu. Kahawa hatukuinywa.

Jambo linalonikera nikilikumbuka ni kwamba sehemu nyingine zote za muda zilihama salama. Zile tulizoziandika baadaye zilitumia njia mpya ya Mbed ambapo unaandika 30s au 500ms, kipimo kikiwa kimeshikana na nambari. Hizo hazikuwa na jinsi ya kupotea. osDelay ilibaki sehemu sita tu, zote za msimbo mkongwe: kihisio, kusubiri modemu, na swichi ya mlango iliyokuwa ikisubiri 50 ili mguso utulie, ambayo sasa ilisubiri milisekunde 5 na kuihesabu fungua moja kuwa mbili.

Marekebisho hayakuchukua siku mbili. Nilifuta ule mgawanyo wa nne. Mahali pake kuna orodha ya majina matatu, kengele, modemu, kumbukumbu, kila moja na ngazi yake ya Zephyr imeandikwa kwa mkono, na programu nzima haina tena ruhusa ya kupeleka nambari tupu. osDelay niliiondoa kwenye tabaka kabisa, kompaila ikalalamika mara sita, tukaenda mahali hapo sita tukaandika milisekunde kwa jina. Muhtasari sasa unajumlishwa mchana kutwa. Mbwa hapapaswi tena na uzi mmoja: nyuzi zote tatu lazima ziwe zimetoa ishara. Mwenzangu alitaka tuongeze mstari wa kutupa kila kipimo kilicho 85.0 kamili, kama wafanyavyo wengi. Nilikataa, tukabishana, na mpaka sasa hajakubali.

Ami alituruhusu kurudisha kisanduku kwa sharti kwamba cha pili chenye programu ya zamani ya Mbed kibaki pembeni yake mwezi mzima. Vipo viwili ukutani hadi leo.

Kilibaki kimoja. Mteja mwingine, Kilifi, alikuwa na programu ile ile tangu Desemba lakini ana chumba kimoja, mistari yake ni mifupi, baiti 28 hivi. Tukapiga hesabu kwenye karatasi: faili yake ingefikia ukubwa ule usiku wa tarehe 27. Tulipanda matatu tarehe 25 na kompyuta kwenye mkoba. Alitupokea vizuri, akatuagizia maji ya madafu, akakitazama kisanduku chake kinachopepesa taa kwa utulivu.

"Kwani kina shida gani?" akauliza.

"Bado," nikamwambia, nikachomeka waya.